Mitungi pacha na oksijeni mzamiaji

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Mikindani, najifunza kupiga mbizi, na sasa nimeanza kubeba mitungi miwili mgongoni badala ya mmoja. Mimi nasema "mitungi pacha ya oksijeni", mwenzangu anashikilia kuwa ni "mitungi mapacha ya oksijeni". Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwenye pacha umepata wewe. Kwenye oksijeni mmezama wote wawili.

Nianze na dogo. Pacha ni neno letu la Kibantu. Wachewa wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa husema mapasa. Likisimama peke yake kwa watu hupokea ma-: mapacha wamezaliwa. Likifuata jina la kitu hutulia lilivyo: ndizi pacha, nyumba pacha, mitungi pacha. Tena yenu ni pacha walioungana, maana juu kuna bomba linaloshikanisha mitungi, lenye koki katikati. Upande mmoja ukivuja, unafunga koki na nusu ya hewa inabaki. Mwenzako aking'ang'ania "mapacha", mwache. Sijaona mtu aliyedhurika kwa ma- moja ya ziada.

Oksijeni ndiyo inayodhuru. Neno hili nimelipigia kelele hadi koo limekauka. Habari yoyote ya mpiga mbizi, lazima "aliishiwa oksijeni", lazima awe na "mtungi wa oksijeni" mgongoni, utadhani katoroka wodini. Jamani, mle ndani mna hewa! Hii hii inayopeperusha kanga kwenye kamba, imeshindiliwa tu. Katika sehemu mia za hewa, oksijeni ni 21 na naitrojeni 78. Ngalawa ina watu watano, wanne ndugu wa tumbo moja, nawe unaiita kwa jina la yule wa tano aliyeomba lifti! Au chukua mchuzi wa pweza. Ndimu imo, na bila ndimu mimi siugusi, lakini ni nani aliyewahi kukaa mkekani akasema "nipakulieni ndimu"?

Wala usidhani huu ni ubishi wa mzee aliyestaafu chaki. Kila mita 10 unazoshuka baharini, mgandamizo unaongezeka kwa kiasi sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu hapa nchi kavu. Oksijeni tupu, ukipita nayo mita 6 hivi, inaweza kugeuka sumu: mtu hutetemeka kama mwenye kifafa, kile cha kupumulia kinamtoka mdomoni, na maji hayasubiri. Hata mchanganyiko ulioongezwa oksijeni hadi asilimia 32 una kikomo chake, kama mita 34. Kwa hiyo kinachoandikwa ubavuni mwa mtungi hakina utani.

Wapo wanaokimbilia "mitungi ya gesi". Kisayansi hawakosei, ila Mtwara hii, ambako gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, neno gesi lina mwenyewe. Pita nayo sokoni uone kama hutaulizwa unauza bei gani.

Andika mitungi pacha ya hewa. Mtungi wa lita 12 ukijazwa hadi baa 200 (baa hapa ni kipimo cha mgandamizo) unabeba lita 2,400 za hewa; pamoja na pacha wake, 4,800. Hesabu hiyo iweke kichwani, na mikono yako izoee kuzifikia koki za nyuma ya kisogo bila macho, ungali maji ya mita chache na mwalimu wako ubavuni.

Nimefurahi kwamba umeandika kupiga mbizi. Kuzamia nalo ni neno zuri, lakini vijana wa mjini wameshalipeleka kwenye meli za watu na harusi wasizoalikwa. Ukimwambia bibi yako, hapo Mtwara penye bandari ya korosho, kwamba umeanza kuzamia na una mizigo miwili mgongoni, atakukaangia mihogo ya safari.