Vijana wa mashine, ulizeni kwanza ndio muwashe

Mteja akikuambia "punguza kidogo tu", ukajibu "sawa bosi" na kuwasha mashine ya kunyoa, ujue mmeshakosana, ni vile tu bado hajaona kioo. Wiki hii nimeona hiyo kitu kwa viti viwili tofauti. Vijana wazuri, mkono mwepesi, laini zao zimenyooka kuliko zangu, lakini masikio wameyaacha steji. Nikiwaambia pale kazini na muziki umewekwa hadi juu mtasema mzee ameanza tena, kwa hivyo someni hapa polepole.

1. "Kidogo" haina kipimo. Uliza alinyoa lini mara ya mwisho na kama alipenda vile ilitoka. Akisema ni mwezi umepita na alipenda, hesabu unayo tayari, nywele hurefuka karibu sentimita moja kwa mwezi. Halafu shika nywele zake katikati ya vidole viwili, mwonyeshe kwa kioo, "nitoe hadi hapa?" Hapo ndio wengi hushtuka, "aii, hapana, nusu ya hiyo". Si unaona? Na ulikuwa ushasema sawa bosi.

2. Namba. Kwa gadi za kawaida, zile chanuo za plastiki za kuweka kwa mashine, moja ni milimita 3, mbili ni 6, tatu ni 10, nne ni 13. Lakini mtu akikuambia "mimi hunyoa namba mbili" hiyo ni namba ya kinyozi wake wa zamani na mashine yake, na leva, kile kidude cha kando ya mashine, pengine ilikuwa imefunguliwa, na wewe leva yako umefunga. Zile gadi za bei ya jumla za River Road zenyewe hazina msimamo, mbili yake inaweza kukaa kama moja na nusu. Anza na kubwa. Zikibaki ndefu utarudia, ukizimaliza utaomba msamaha.

3. Picha kwa simu ni nzuri, lakini angalia kichwa kilicho kwa kiti pia. Mzee paji limefika katikati ya utosi, amekuletea picha ya kijana wa Marekani mwenye nywele hadi kwa nyusi karibu. Mwambie ukweli kwa heshima: laini yako imeanzia hapa, nikiilazimisha ifanane na ya picha itabidi nichore na rangi, na rangi hiyo utaiacha kwa mto wa kulalia. Kile hutakiwi kufanya ni kuirudisha laini nyuma ndio inyooke! Kila wiki kidogo, kila wiki kidogo, mwisho mtu ana paji la kuegesha matatu. Tena picha nyingi ni za mbele. Uliza nyuma anatakaje.

4. Gusa kichwa kabla ya mashine. Hii nitaisema kwa urefu kwa sababu mpaka leo inaniuma.

Nilikuwa Umoja, kinyozi kidogo cha viti viwili, Jumamosi, kesho yake ni mechi ya Gor na Ingwe. Mwenzangu ni wa Ingwe, mimi wa Gor, na tulikuwa tumebishana tangu asubuhi hadi sauti zimeanza kupotea. Akaingia jamaa mpole, shati limepigwa pasi, akakaa akasema kwa sauti ya chini: "Pande namba moja, juu uguse tu, lakini nyuma usipandishe sana." Nikasikia hadi namba moja. Hayo mengine niliyasikia baadaye, usiku, nikiwa kitandani. Nikamfunga kitambaa, nikaweka gadi, nikaanzia shingoni na kupanda kwa mkono mmoja hadi kisogo, macho yangu yakiwa kwa mwenzangu, namwambia vile beki yao ni mlango wa choo cha ploti. Mashine ikaruka. Nikaangalia. Kovu, upana wa kidole, kutoka nyuma ya sikio likipanda kuelekea utosini, linang'aa, halina hata unywele mmoja, na mimi nimelifungua lote.

Jamaa hakuwa ameona kisogo chake. Aliona uso wangu kwa kioo. Akasema, "Umepandisha." Mwenzangu akazima redio. Sasa badala ya kunyamaza nikaanza kurekebisha: nikapandisha na upande ule mwingine ili zilingane, ikawa mbaya zaidi, nikapaka rangi nyeusi juu ya kovu, likang'aa kama kiatu. Ndipo akaniambia, bila hasira, kwamba kesho anaenda kwa kina mchumba wake, wazee wanamwona mara ya kwanza, na hataki kuulizwa kilichompata kichwani. Akauliza zitarudi lini. Nikamwambia mwezi hivi. Akanyamaza, akanunua marvin, ile kofia ya baridi, kwa mchuuzi wa mlangoni, jua limewaka vile. Nilikataa pesa, akaziweka tu kando ya chupa ya spiriti, bei yote, akaenda. Afadhali angenitusi. Nilikuwa nikimwona steji baadaye, ananisalimia vizuri kabisa, akienda kunyolewa kwa jirani.

Kwa hivyo vidole kwanza: nyuma ya masikio, shingoni, kisogo, utosi pale nywele huzunguka. Halafu uliza, "kuna mahali hutaki niguse?" Utashangaa watu wanabeba nini chini ya nywele na hawasemi hadi waulizwe. Ukigusa mashilingi, yaani choa, usinyoe, mwambie pembeni, si mbele ya benchi nzima, aende aone daktari, ile ya kichwani hutibiwa na dawa ya kumeza, na mashine yako itampelekea mwingine.

5. Watoto wakati shule zinafunguliwa: uliza mzazi shule inaruhusu nini. Mtoto akisema "mathe amesema boksi", piga simu kwa mathe.

6. Akina dada wanaokuja kukatwa nywele fupi, pengine ametoka kufumua susi za Kenyatta Market na amechoka na kila kitu. Nywele za kipilipili ukizivuta ni ndefu, ukiachilia zinajikunja zinakuwa nusu. Akikuonyesha urefu kwa kidole muulize, zikiwa zimevutwa ama zimejikunja? Na kama zimepigwa bloo, kumbuka zikipata maji zitarudi juu. Msiwanyoe kama wanaume halafu mseme "umependeza auntie".

7. Ukimaliza usiulize "iko sawa?" Kila mtu husema iko sawa, Mkenya atalipa na aende kulia kwa matatu. Shika kile kioo kidogo, onyesha nyuma, uliza "nipandishe zaidi ama niache hapo?" Na uliza kabla hujamtoa kitambaa, mtu akishasimama ameshaona aibu kurudi.

Stima ikipotea ukiwa umemaliza upande mmoja, hapo sina ushauri. Chajini mashine usiku, nimesema hadi nimechoka.