Shughuli ya Familia Katikati ya Likizo Ndefu: Siku Moja, Sahani Sitini, Baridi ya Mbeya

Likizo ndefu ya chuo ikifika, mwanafunzi aliyerudi nyumbani Mbeya, Iringa au Njombe hukuta kazi mbili zinamsubiri. Ya kwanza ni field, wiki nane hivi za mafunzo kwa vitendo, Jumatatu hadi Ijumaa, na daftari la kujaza kila siku. Ya pili haina barua wala msimamizi: "Wewe si upo likizo? Hebu tusaidie hii shughuli." Na shughuli zenyewe hujaa miezi hiyo hiyo, wa saba hadi wa tisa. Mavuno yameshaingia ndani, mvua hakuna, barabara za vijijini zinapitika. Baba anastaafu utumishi akiwa na miaka 60, mdogo wako anapata kipaimara, babu na bibi wametimiza miaka 50 ya ndoa, mtoto wa dada anatimiza mwaka.

Msifanye shughuli nne. Fanyeni moja, iliyoandaliwa vizuri, kila mwenye lake apate nafasi yake ndani ya siku hiyo. Shughuli nne kwa miezi mitatu zinamaliza michango, zinawachosha akina mama walewale jikoni, na mwanafunzi anajikuta anaomba ruhusa field kila Ijumaa hadi msimamizi anaanza kumtilia shaka.

Kuunganisha nako kuna hatari yake. Anayeumia ni mdogo. Jubilei ya babu ikikaa pamoja na kipaimara cha binti wa miaka 14, bila mpangilio binti atakuwa mtu wa kupokea soda mlangoni. Mpeni dakika zake kwenye ratiba, kumi na tano zinatosha: ameitwa mbele, mlezi wake wa kiroho amesema neno, amepewa zawadi yake, amepigwa picha na wazazi peke yake. Na dakika hizo ziwe kabla ya chakula. Baada ya chakula watu wameshalegea, na wazee wengine wanaangalia usafiri.

Siku ipangwe kwa kufuata jambo lisilosogezeka. Tarehe ya kipaimara inatoka kanisani na hamwezi kuibadilisha, jubilei na birthday ya mtoto zinaweza kusogea wiki mbili bila mtu kulalamika. Angalieni pia nani hatakuwepo. Aliyemaliza kidato cha sita mwezi wa tano huenda yuko kambini JKT. Mwenye mtihani wa darasa la saba anaufanya mwezi wa tisa, kwa hiyo shughuli ya mwishoni mwa mwezi wa nane itamtoa kwenye vitabu wakati mbaya. Mwenye sapu, yaani mtihani wa marudio chuoni, naye ajitaje mapema, asione aibu. Wiki ya Nane Nane inaonekana nzuri kwa sababu tarehe 8 Agosti ni sikukuu, lakini kwa Mbeya mjini tunaiogopa: maonyesho ya uwanja wa John Mwakangale huleta wageni kutoka mikoa yote ya nyanda za juu kusini, gesti zinajaa, matenti na viti vinakuwa vimeshakodiwa. Jumamosi ya wiki mbili kabla au baada ni salama zaidi. Wageni wa Dar watumiwe tarehe angalau wiki sita mapema. Safari ni zaidi ya kilomita 800 na inameza siku nzima ya basi, kwa hiyo wanapaswa kuondoka Ijumaa alfajiri, maana yake nao waombe ruhusa kazini.

Kuhusu field yenyewe: mweleze msimamizi wiki tatu kabla, kwa maandishi, omba siku moja tu, Ijumaa ya maandalizi. Jaza daftari lako hadi Alhamisi jioni kabla hujashika kisu cha vitunguu. Daftari linaloachwa "nitajaza Jumapili" hujazwa kwa kubahatisha, na mwalimu anayekuja kukagua hulitambua haraka.

Sahani kwanza, mapambo baadaye

Swali linaloamua kila kitu ni moja: sahani ngapi? Watu huanza na rangi za mapambo, keki ya ghorofa ngapi, MC nani. Idadi ya sahani isipojulikana, hata ukubwa wa tenti hamuwezi kuuchagua. Na sahani 60 maana yake si wageni 60. Wapishi wanakula, dereva wa pikapu iliyoleta viti anakula, mpiga picha anakula, jirani aliyewaachia bomba anakula. Ukipika sahani 60, alika watu 50.

Kwa sahani 60 za watu wazima wa huku kwetu, ambao baridi inawafanya wale vizuri, hesabu inakaa hivi: mchele kilo 9, nyama ya ng'ombe yenye mifupa kilo 12, kuku 8 wakikatwa vipande vinane vinane, maharage kilo 4, na ndizi za kupika mikungu miwili ya wastani kama mnataka ndizi nyama ya Kinyakyusa. Nyanya kilo 4 na vitunguu kilo 3 kwa kachumbari peke yake, mbali na vya mchuzi. Soda kreti 4, yaani chupa 96. Tatu zinaonekana kutosha kwa hesabu, lakini kuna watoto wanaorudia. Hesabuni chupa tupu kabla ya wageni kuondoka, siyo kesho yake, maana kila inayopotea inalipwa.

Mchele unataka uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Miezi hii mchele wa Kyela na Mbarali uliopo sokoni mara nyingi ni mpya, umetoka shambani juzi. Mchele mpya bado una unyevu, unahitaji maji kidogo kuliko wa mwaka jana. Mpishi akiweka maji kwa mazoea yake ya mwezi wa pili, kilo tisa zinageuka bokoboko mbele ya wageni. Siku moja kabla, pika kikombe kimoja kwa kikombe kimoja na nusu cha maji, uone. Mkikuta mgumu, ongezeni robo kikombe na kurudia. Na msipike kilo tisa kwenye sufuria moja. Chini utaungua, juu utabaki na kiini. Gawanyeni mara mbili.

Halafu kuna mwinuko. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95, hayafiki 100. Yanatokota sawasawa na ya Dar, lakini si ya moto kama yale. Ndiyo maana shangazi kutoka Temeke atakuambia maharage ni saa moja na nusu, na saa mbili na nusu baadaye yanagonga meno. Yalowekwe tangu Ijumaa jioni, maji ya kulowekea yamwagwe, yainjikwe saa 12 asubuhi. Nyanya na ndimu visiingie kabla hayajalainika, uchachu unayakaza. Nyama ya mifupa nayo iwe jikoni saa hiyo hiyo kama mnakula saa saba mchana. Presha kuka ikipatikana hata ya kuazima, ipeni maharage. Na moto uzungushiwe mabati upande wa upepo. Upepo wa mwezi wa nane unakula kuni bila kuipa sufuria kitu.

Keki ndiyo inayowaliza wengi. Mapishi mengi mtandaoni yameandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Huku hewa ni nyepesi, gesi iliyo ndani ya unga inatanuka upesi, keki inapanda kwa fahari ikiwa bado mbichi, kisha inatumbukia katikati kama kiti kilichokaliwa. Punguza bekingi pauda kwa robo: palipoandikwa vijiko vinne vya chai, weka vitatu. Sukari punguza kijiko kimoja cha chakula kwa kila kikombe. Kwa kila kikombe cha maziwa au maji ongeza vijiko viwili hadi vitatu vya chakula, maana unyevu unakauka haraka. Oveni iongeze nyuzi 10 hivi. Anayeoka kwa mkaa aweke makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini, na asifunue kabla ya dakika 25. Oka ndogo ya majaribio wiki moja kabla. Watoto wa nyumbani watasaidia kuimaliza.

Mada inayofanya kazi

Siku hizi kila shughuli inataka mada, na hatuna ugomvi na hilo. Tunachoshauri ni kuchagua mada inayofaa mahali mlipo. Mada ya ufukweni, na magauni mepesi ya mikono mifupi, kwa shughuli ya Julai pale Makambako ni kuwatesa watu. Jua linazama kama saa 12 na dakika 40 jioni, na baridi inashuka nalo papo hapo.

Inayofaa sana miezi hii ni Moto na Chai. Chakula kikuu mchana, kisha kuanzia saa 11 watu wanahamia uwanjani kwenye moto mmoja mkubwa wa magogo, mbali na tenti kwa hatua kumi na tano angalau na upande ambao upepo hautapeleka cheche kwenye turubai. Kila mtu anakuja na shuka, blanketi au sweta, na hiyo ndiyo sare. Viazi vitamu na ndizi vinachomwa pembeni kwenye majivu, na Iringa mnaweza kupata mahindi mabichi ya vinyungu, yale mashamba ya mabondeni yenye unyevu, hata kiangazi. Chai iwe ya kwetu, ya Tukuyu au ya Mufindi. Kwa watu 60 wanywao vikombe viwili viwili unahitaji lita 30: maji 20, maziwa 10, majani gramu 250, sukari kilo 2, tangawizi mbichi nusu kilo iliyotwangwa. Tangawizi ichemke na maji kwanza. Ikikutana na maziwa kabla haijachemka, mara nyingi inayakata.

Nyingine, na hii ndiyo tunayoipenda kuliko zote, ni ukuta wa ukoo. Haina gharama. Mwezi mmoja kabla, pitia nyumba za ndugu ukipiga picha za picha zao za zamani kwa simu. Usizichukue zenyewe. Picha iliyoazimwa huzua manung'uniko ya miaka. Piga dirishani mchana, bila flashi, kioo cha fremu kikiwa kimetolewa kama kinatoka. Chapisha 30 au 40, uzibandike kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na chini ya kila moja acha kipande cha karatasi kitupu na penseli.

Usiandike majina wewe. Waachie wazee. Bibi ataitoa moja kambani, ataisogeza hadi karibu na pua, ataigeuza nyuma kuona kama kuna maandishi, ataitazama tena, kisha atamwita babu mdogo kwa sauti: huyu wa kushoto si yule aliyehamia Kapunga? Babu mdogo atakataa. Watu wazima sita watakusanyika. Hapo mpe kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri kazi ya kusimama karibu na kuandika kinachosemwa, na mwingine arekodi sauti kwa simu. Muziki upunguzwe kwa nusu saa hiyo. Mkipata mwaka na mahali pa picha kumi tu, jubilei imepata kitu ambacho keki haiwezi kuipa.

Kitambaa na fedha

Sare ya kitenge kwa ukoo mzima ni mzigo kwa wenye watoto watano. Fanyeni vilemba kwa akina mama na utepe wa mfukoni kwa akina baba. Kitenge cha yadi 6 kikatwe mara tatu, yadi mbili mbili, kisha kila kipande kigawanywe katikati kwa urefu: vilemba sita. Vya watu 30 vinatoka kwenye vitenge vitano, badala ya thelathini. Nunueni vyote siku moja, duka moja, jora moja. Mwanjelwa ya Mbeya au Mashine Tatu ya Iringa ukirudi wiki ya pili kuongeza, utapata maua yaleyale lakini rangi imepishana, na kwenye picha inaonekana. Kama kuna cha kushona, kipelekwe kwa fundi wiki tano kabla. Msimu huu mafundi wana harusi juu ya harusi.

Mwanafunzi asishike fedha. Ratibu, piga simu, andika orodha, lakini mweka hazina awe mama mdogo au kaka mwenye kipato chake, na nambari ya kupokea michango iwe yake. Boom, yaani fedha ya mkopo wa chuo, na michango vikikaa kwenye simu moja vitachanganyika, hata kwa mtu mwaminifu kabisa. Kwenye kundi la familia andikeni kiasi, tarehe ya mwisho wiki tatu kabla ya siku, na maneno "weka na ya kutolea", maana makato ya miamala 40 yanaweza kula kuku wawili. Majina ya waliotoa yatangazwe bila viwango. Na ahadi si fedha: kinachonunuliwa ni kile kilichokwisha kuingia. Yanayobaki yakija mwishoni, yaongeze nyama.

Pangeni pia itakuwaje msiba ukitokea ndani ya ukoo wiki hiyo. Hakuna anayependa kulisema, lakini familia kubwa inajua. Soda, mchele na vitenge vinasubiri. Nyama, kuku na keki havisubiri, kwa hiyo visilipiwe vyote kabla ya Alhamisi, na mwenye tenti aulizwe tangu mwanzo kama malipo ya awali yanahamishika kwenda tarehe nyingine.

Mwenyekiti wa mtaa apewe taarifa wiki moja kabla, na kama mnaleta spika kubwa, ulizeni ofisi ya mtendaji wa kata kuhusu kibali. LUKU iongezwe Ijumaa. Kamba za tenti zifungwe kwenye vigingi vya chuma, zisifungwe kwenye viti.

Jumapili baada ya ibada, watu watatu wanatosha: mmoja anarudisha kreti na viti, mmoja anasugua sufuria za kuazima na kuzipeleka kwa wenyewe zikiwa na kitu kidogo ndani, hata wali wa jana uliopashwa vizuri, na wa tatu anatoa picha kambani moja moja, anabandika karatasi ya majina nyuma ya kila moja kabla hazijachanganyika.