Uliza Mwalimu wa Rangi: Mtoto anachora nyuma ya daftari la hesabu, nimfanyeje?

Mwangaluka wasomaji. Toka niandike mwezi uliopita kuhusu madarasa ya kuchora kwa wanafunzi wa sekondari simu yangu haipumziki, meseji zinaingia mpaka saa sita usiku, nyingine hazina hata swali, ni picha tu za michoro ya watoto. Nimeziona zote, na yule aliyechora sato kwenye sahani akasahau mkia anajijua. Nimechagua barua nne na kaswali kamoja kadogo.

*

Shikamoo mwalimu. Kijana wangu yuko fomu tuu, shule ya kata huku Igoma. Kila daftari ukigeuza nyuma ni michoro, la hesabu ndo usiseme, kamchora mpaka mwalimu wake wa hesabu na kitambi chake. Shuleni hawana somo la sanaa. Kuna kaka mmoja mtaani anafundisha kuchora jumamosi kwa hela, mwanangu ananisumbua nimlipie. Baba yake anasema mwezi wa kumi na moja kuna mtihani wa taifa na hasomeshi mtu ili aje kuandika mabango ya saluni. Nimfanyeje? Mama Igoma

Marahaba mama. Ngoja nianze na baba, maana hayo mabango ya saluni nimeyaandika mimi mwenyewe, na ya gereji, na ya mgahawa mmoja Kirumba ambao supu ilishaisha miaka mingi lakini maneno "supu ya sangara" bado yanasomeka ukutani mpaka leo. Kabla ya hapo nilikuwa naandika majina ya mitumbwi pale Mwaloni, jua linakuwaka mgongoni, mwenye mtumbwi amesimama nyuma anakwambia herufi ya pili imelala. Brashi hiyo imesomesha watoto wawili. Kwahiyo baba mwambie namsalimia, na asiidharau kazi ambayo hajawahi kuikosea mbele ya mteja.

Ila kwenye mtihani yuko sahihi, hilo sibishani nalo. Mtihani wa kidato cha pili sio wa kuchezea, akifeli anarudia mwaka na hapo hata mimi sitamtetea. Lakini mama, kumkataza hakutasaidia, utakachopata ni michoro midogo zaidi iliyofichwa zaidi. Mnunulie daftari lake la kuchorea lisilo na mistari, mwambie hili ni lako na la hesabu ni la hesabu, halafu jumamosi masaa mawili aende akachore, yakiisha arudi ashike vitabu. Mtoto mwenye mahali pa kuchorea huwa anaacha kuchora pasipo pake, sio wote lakini wengi niliowafundisha walikuwa hivyo.

Na somo lenyewe lipo kihalali kabisa, Fine Art iko kwenye masomo ya mtihani wa kidato cha nne wa NECTA siku nyingi tu, tatizo ni kwamba shule zenye mwalimu wake ni chache. Ukisikia shule inasema inalo, usiulize kwa simu, nenda uulize mwalimu ni nani na watoto wanafanyia wapi kazi za mikono.

Sasa huyo kaka wa jumamosi. Usilipe kabla hujaenda kukaa pale nusu saa. Usiangalie michoro yake yeye, omba ya wanafunzi wake, ya mtoto yule yule, ya alipoanza na ya sasa hivi. Ukikuta watoto kumi wote wana tembo yule yule chini ya mbuyu ule ule na jua jekundu nyuma, hapo wanafundishwa kunakili tembo, na siku wakiambiwa wachore kikombe kilichopo mezani watashindwa. Angalia katikati ya watoto kuna nini. Kama kuna kitu cha kweli, hata kama ni sufuria lenye masizi au ndoo au kiatu, huyo mwalimu. Kama kila mmoja kainamia simu anakopi picha, rudi nyumbani na hela yako. Na wakitumia rangi ya mafuta na tina, milango na madirisha yawe wazi, ile harufu inaumiza kichwa na kifua, mimi niliichukulia poa ujanani na sasa nakohoa kama injini ya zamani. Halafu pawe na watoto wengine na mtu mzima anayejulikana, hilo sina haja ya kukufundisha wewe mama.

*

Mwalimu mambo? Mi niko Nansio, Ukerewe, fomu three. Napenda kuchora ila penseli zile nzuri za namba namba huku hakuna na hata zingekuwepo hela sina. Nyumbani tuna penseli moja tunagombania na mdogo wangu. Naweza kujifunza kweli? Binti wa Kisiwani

Poa binti yangu, ila siku nyingine nipe shikamoo, mvi hizi sio za rangi.

Unaweza. Hizo namba unazoziona, HB, 2B, 4B, 6B, zinasema tu laini kiasi gani, B zikizidi penseli inakuwa laini na nyeusi zaidi. Weusi huo unao jikoni kwenu. Chukua vijiti vyembamba vilivyokauka, unene wa kalamu hivi, vinyooke, vipange vimebana ndani ya kopo la chuma lenye mfuniko, toboa kitundu kimoja kidogo juu kwa msumari, uliweke kwenye moto baada ya mama kumaliza kupika. Moshi utatoka pale kwenye kitundu, utatoka, utatoka, ukikata kabisa ndo umeiva. Litoe kwa koleo na USIFUNGUE mpaka lipoe lote, ukifungua la moto hewa ikiingia vijiti vinashika moto unabaki na majivu, hapo wengi ndo wanaharibu kwa haraka zao. Likipoa una makaa ya kuchorea ya mwezi mzima. Wachoraji duniani kote wanatumia makaa ya namna hii, mijini wananunua kwenye boksi.

Karatasi, tafuta mfuko wa simenti. Wa karatasi lakini, sio wa plastiki. Ule ndani una tabaka zaidi ya moja, la nje lina maandishi na vumbi, achana nalo, la ndani ni safi na lina ule ukahawia ambao ni mzuri mno, maana tayari una rangi ya kati mkononi: makaa yanakupa giza, kipande cha chaki kinakupa mwanga, katikati mfuko wenyewe umekufanyia kazi. Kung'uta nje, mbali na macho na pua, simenti inawasha. Kufutia tumia kipande cha ugali uliopoa ukiufinyanga mpaka ukawa mkavu kidogo. Usicheke, kajaribu.

Na kama unadhani nakupa vitu vya kimaskini, Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, huyo ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji, miaka ya sitini mwishoni pale Dar alikuwa anachorea kwenye hadibodi za ujenzi kwa rangi za kupakia baiskeli. Alifariki 1972, picha zake leo wanazitafuta watu kutoka nchi ambazo hakuwahi kukanyaga.

*

Mwalimu, heshima yako. Mimi ni mwalimu wa jiografia kwenye shule moja ya sekondari wilaya ya Ilemela. Mkuu wa shule amenipa klabu ya sanaa jumatano mchana kwa sababu tu alinikuta nachora ramani ubaoni vizuri. Wanafunzi waliojiandikisha ni 60, vifaa hakuna, na mimi sijawahi kufundishwa kuchora hata siku moja. Naanzia wapi? Ticha wa Ramani

Mwalimu mwenzangu pole na hongera kwa pamoja. Na kutokufundishwa kwako kusikutishe, maana utakuwa huna mazoea mabaya ya kuwafundisha.

Siku ya kwanza usiongee sana. Kila mtoto avue kiatu kimoja akiweke mezani, ashike penseli, aangalie kiatu na ASIANGALIE karatasi, jicho litembee pembeni mwa kiatu taratibu kama sisimizi na mkono ufuate, mpaka wamalize. Watacheka sana, viatu vitafanana na viazi, kelele zitafika ofisini, andaa maelezo. Halafu warudie wakiwa wanaangalia. Kwenye ule mchoro wa pili utaona kitu: watoto ambao wiki iliyopita kiatu kwao kilikuwa boti yenye kamba, leo wameona soli imeliwa upande mmoja, wameona tundu la kamba limechanika. Wakishaanza kuona hivyo klabu yako imeanza, mkono utafuata wenyewe.

Wiki zinazofuata ukipata ruhusa watoe nje. Sisi wa Mwanza tuna darasa la kivuli ambalo watu wanalipia ndege kuja kulipiga picha, haya mawe yetu. Jiwe kubwa la granaiti saa kumi jioni, jua limelala upande mmoja, linakuonyesha kila kitu: upande unaopigwa na jua, upande wa kati, upande wa giza, na kivuli linachokimwaga chini. Ukiwapeleka Jiwe la Bismarck waambie waangalie chini kabisa karibu na maji, kwenye upande wa giza kuna kamwanga kadogo, huo ni mwanga unaorudi kutoka ziwani. Mtoto anayepaka weusi mpaka chini jiwe lake linakuwa bonge la lami, anayekaona kale kamwanga jiwe linageuka linakuwa duara kwenye karatasi. Usiwapeleke mchana jua la utosi, kivuli hakuna, na watoto sitini mtarudi na kesi za kizunguzungu.

Na hii ni ya kwako wewe mtu wa ramani. Ule mstari ambapo ziwa linakutana na mbingu siku zote uko usawa wa jicho la anayetazama. Ukikaa mchangani unashuka na wewe, ukipanda juu ya mawe Capri Point unapanda na wewe mpaka mitumbwi yote inakuwa chini yake. Na ukisimama ufukweni, watu wazima wote waliosimama kwenye mchanga huo huo, wa karibu na wa mbali kule, mstari unawakata kwenye usawa wa vichwa, kinachopungua ni miguu tu inapanda kuelekea kwenye mstari. Wanafunzi wengi wanachora watu wa mbali wanaelea kama maputo kwa sababu hawajaambiwa hili. Waambie jumatano moja tu, waende wakahakikishe wenyewe.

Mwalimu wa biolojia akilalamika kwamba unawajaza kushedi kila kitu, ana haki. Mchoro wa biolojia hautaki kivuli wala mapambo, unataka mstari mmoja safi usiokatika katika na majina yaliyonyooka. Wafundishe kwamba hizo ni lugha mbili.

Siku moja kama basi la shule lina mafuta, na najua mara nyingi halina, wapelekeni Bujora pale Kisesa. Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padri Mkanada, David Clement, watu walimwita Fumbuka. Pale kuna jengo limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, mtoto akilizunguka na daftari anaelewa kwamba umbo la kitu cha nyumbani linaweza kuwa jengo zima. Mimi nilienda nikiwa mkubwa na nilijuta kuchelewa.

Maksi usitoe. Ukianza kuweka sabini na arobaini, wiki ya tatu utabaki na wale wanane wanaojua tayari.

*

Shkamoo ticha, nimemaliza fomu foo mwaka jana, niko Sengerema. Nataka kusoma sanaa ya kuchora ila ndugu wote wanasema nitakufa njaa, kuna mtu kweli alisoma hiki kitu akafika popote? Kijana wa Ng'ambo

Marahaba. Tafuta habari za Sam Ntiro. Mchaga huyo, kazaliwa 1923, akasoma sanaa Makerere, akaenda Slade, chuo cha sanaa kule London, na Tanganyika ilipopata uhuru akawa balozi wetu Uingereza. Kuna picha yake ya 1956, watu wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, iko kwenye Museum of Modern Art ya New York. Na hiyo shule ya Makerere ilianza 1937 kwa mama mmoja, Margaret Trowell, kufundisha watu wachache kwenye baraza la nyumba yake Kampala, yaani ng'ambo tu ya ziwa letu hili.

Hapa nyumbani ipo TaSUBa Bagamoyo, chuo cha sanaa toka 1981, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana sanaa pia ila huko lazima upite kidato cha sita au diploma. Sifa za kujiunga na ada waulize wenyewe, zinabadilika.

Njaa ipo, sikudanganyi. Wengi ninaowajua wanaoishi kwa brashi hawauzi picha za ukutani tu, wanafanya mabango, fulana, wanafundisha, wanapamba kumbi za harusi, picha zao wanazichora jumapili. Kama unaweza kuishi hivyo, nenda. Kama unataka picha ndo ikulipie kodi mwezi wa kwanza, ndugu zako wako sahihi kuliko mimi.

*

Ticha kutrace picha kwenye kioo cha simu ni kosa?

Hujajitaja jina, naelewa. Kutrace, yaani kuweka karatasi juu ya picha ukafuatisha mistari yake, sio kosa, hata mimi herufi za mabango nazitrace. Itrace mara moja, kisha funga simu uichore bila kuitrace, uweke zote mbili sambamba, pale zinapotofautiana ndo pa kufanyia mazoezi wiki hiyo. Ila usiilete klabuni ukasema umechora mwenyewe, tunajua. Na usikandamize sana penseli, kioo cha simu kutengeneza ni bei kuliko mwezi mzima wa darasa.