Kwanza tupatieni pa kukaa

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Jumapili huna hela Dar es Salaam, unaburudika wapi?", limenigusa pabaya. Majibu mtakayoletewa nayajua. Coco Beach, kwa kuwa bahari haina kiingilio. Maonyesho ya Nafasi Art Space, Mikocheni. Wengine watasema panda pantoni ya Kigamboni, upigwe upepo. Mimi naishi Mbagala na wanangu wawili. Kufika Coco ni kuunganisha daladala, kwenda na kurudi, nauli ya watu watatu. Na watoto wakishaona mihogo inakaangwa, na chachandu pembeni, uwaambie nini? Nilipokaa kuandika nilitaka kujibu kwa neno moja tu: hakuna.

Ila burudani ya bure nimewahi kuwa nayo, na sikuifuata popote. Kabla ya kuhamia huku nilikuwa fundi cherehani Magomeni, cherehani yangu ikiwa kwenye baraza la nyumba tuliyopanga. Mbele yangu palikuwa na mwarobaini, na chini yake wazee wa bao. Kila siku baada ya alasiri utawakuta. Mwanzoni nilikuwa nasikia tu kete zinavyogonga mbao na wazee wanavyotaniana.

Siku moja akaja mgeni, mzee mwembamba mwenye kofia ya kiua, wakasema ametoka Unguja kumtembelea bintiye. Akapangiwa na mzee ambaye pale kijiweni hakuna aliyemuweza. Walinzi wa jirani wakasogea, muuza kahawa akatua birika lake, nami nikaacha gauni la mteja chini ya sindano. Babu mmoja akaniona nimesimama mbali nikinyoosha shingo. Akasogea kwenye benchi. "Njoo ukae, mwanangu, bao halionwi kwa mbali."

Nikakaa. Akawa ananielekeza kwa sauti ya chini. Kete zote ni 64, kila mmoja na zake 32, nyingine ziko ubaoni na nyingine anazo mkononi anazinamua, yaani anaziingiza ubaoni, moja moja. Akanionyesha nyumba, lile shimo la pembe nne, akaniambia nimtazame mgeni anavyoilinda. Kweli, mwenyeji alikuwa anakula, anakula tena, watu wanamshangilia. Mgeni anajibu kidogo kidogo na nyumba yake inazidi kunenepa. Kila kete yake ya mwisho ilipoishia mle ndani, analala, yaani zamu yake inaishia hapo. Babu akaniambia, "Huyo hajaanza." Kisha zamu moja hakulala. Akaizoa nyumba yote, ikasafiri. Mkono ule uliokuwa mzito ukawa hauonekani: anasambaza, anakula, anarudi kichwani, shimo la mwisho wa safu, anasambaza tena, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Alipotua, safu ya mbele ya mwenyeji ilikuwa tupu: amefungwa. Mwenyeji akautazama ubao kwa muda, halafu akampa mgeni mkono kwa mikono yake miwili. Pale ndipo kelele zikaanza, hata adhana ya magharibi ikatukuta bado tunabishana alikosea wapi.

Sijawahi kulipia kitu kikanifurahisha namna ile. Baadaye mwenye eneo akaukata mwarobaini, akajenga fremu za maduka. Simlaumu sana, kodi ya fremu inamlisha. Lakini wazee walitawanyika, na wala hawakufukuzwa na mtu. Walikosa kivuli.

Kwa hiyo nabadilisha jibu langu: ipo. Jiji hili watu wake wanajua kufurahishana. Kinachopungua ni mahali pa kufanyia, karibu na mtu anapolala. Hata hivyo nisitie chumvi. Lile benchi lilikuwa la wanaume, na nisingeitwa nisingekaa. Burudani zetu wanawake tunaziita za bure wakati si za bure: shughuli ya jirani ina mchango, ina sare, ina kutunza, na ukienda mikono mitupu utasemwa mwezi mzima. Mwanaume akiwa hana kitu anatoka anakwenda kijiweni. Mwanamke asiye na kitu anabaki ndani na runinga, kama umeme upo.

Sasa hivi tunachopata ni mpira wa mchangani. Wanangu wanatangulia, mimi nafika kipindi cha pili nikishafunga kazi, na mechi zenyewe ni nzuri, vijana wanacheza kwa moyo. Tunasimama mpaka mwisho, maana hakuna hata gogo la kukalia, na mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kumaliza dakika 20. Serikali ya mtaa ikiweka benchi chache na miti ya kivuli, wanaume wasizitwae zote, mimi sitakuwa na haja ya Coco. Labda wa Temeke walio jirani na viwanja vya Mwembe Yanga wanaona tofauti. Nao waandike, tusikie.