Jibu: Krimu ya kopo imeunguza uso, niache au nimalizie?

Pole dada. Nimekuelewa hivi: ulipimiwa krimu kwenye kopo lisilo na lebo, uso ukatakata upesi, sasa ukitoka juani unawaka na mashavu yana vipele. Unauliza uvumilie mpaka harusi ipite.

Usivumilie, acha. Nauza vipodozi, na huo ni mkorogo: losheni imechanganywa na tyubu za dawa, mara nyingi klobetasoli (dawa kali ya magonjwa ya ngozi) au haidrokwinoni (dawa ya kufifisha weusi wa ngozi), na nyingine zina zebaki, madini yenye sumu. Kilichomo kwenye lako siwezi kukijua kwa kuangalia tu, na aliyekuuzia pengine naye hajui.

Angalia kwanza vifundo vya vidole kama vimebaki vyeusi kuliko mkono, na kama mashavuni kuna vijishipa vyekundu; hizo ni dalili za mkorogo. Una mimba au unanyonyesha? Basi hospitali leo leo, maana zebaki huharibu figo na humfikia mtoto.

Kopo usilitupe. Lifunge kwenye mfuko uende nalo kwa daktari wa ngozi, na umtajie umepaka kwa muda gani. Ukiacha, uso unaweza kuwaka zaidi kwa muda; hapo ndipo wateja wangu wengi hurudi kwenye kopo. Limau na dawa ya meno usiguse (sijui nani alianzisha hiyo!). Jifunike mtandio juani.

Siku nyingine, kisicho na orodha ya viambato na jina la mtengenezaji usinunue. Ukiona "mercury" au "calomel", yaani zebaki, rudisha. Kwa Tanzania vipodozi viko chini ya TBS (Shirika la Viwango) tangu 2019, duka lenyewe karipoti huko.