Weupe kwenye picha ya kichwa cha mama, ni damu au dawa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama alipatwa na kiharusi akiwa kwa kaka Nairobi, wakampitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka kichwani wakalivuta lile donge la damu lililoziba, tukamshukuru Mungu. Baadaye siti skani (CT), ile picha ya eksirei ya ndani ya kichwa, ikaonyesha kitu cheupe upande wa kushoto, wakasema inaweza kuwa damu au dawa tu, aspirini wakaizuia, kesho yake wakampiga picha tena, tukalipa tena, weupe haupo! Kaka anasema walimjeruhi wakaficha. Filamu ninayo, kila siku naiinua dirishani naiangalia. Tulidanganywa? Dada wa Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba dada, pole na kuuguza. Kwa ulivyoeleza mimi sioni uongo hapo. Ili waione mishipa walimwingizia dawa yenye madini joto, yale yale ya kwenye chumvi ya jikoni ila hapa ni mengi sana, sasa kwenye siti madini joto yanatokea meupe na damu iliyovuja nayo nyeupe, kwa macho tu mara nyingi huwezi kutofautisha. Na ubongo ukishakosa damu, kuta za vimishipa vyake zinalegea, ile dawa inapenya na kutuama pale pale palipoumia, kama mchuzi kwenye kitambaa cha meza.

Kuna mashine za kisasa zinapiga eksirei kwa nguvu mbili tofauti. Weupe wa madini joto unabadilika sana nguvu ikibadilika, wa damu haubadiliki hivyo, basi kompyuta inayaondoa madini joto kwenye picha na weupe ukibaki ujue ni damu, jibu unalipata siku hiyo hiyo. Asiye na mashine hiyo anasubiri tu, maana dawa kwa kawaida inafutika ndani ya saa 24 hadi 48, damu inakaa siku nyingi. Ndicho walichofanya kwa mama.

Aspirini inazuia damu kugandana, ukimpa mtu ambaye huenda anavuja kichwani unamwongezea kuvuja, hata mimi ningeizuia. Hela ya kipimo cha pili inauma, najua, lakini mwambie kaka ndicho kilichomfungulia mama dawa.

Mkienda kliniki KCMC bebeni filamu zote mbili na ripoti, na kama mna CD ndiyo bora zaidi. Ila akishikwa ghafla na kichwa kikali, akitapika, akisinzia kusiko kwa kawaida au mkono ukilegea upya, msingoje tarehe ya kliniki, hata iwe saa nane usiku mkimbizeni.