Kabla hujaandika sirosisi

Wadogo zangu marezidenti, wiki hii tena nimeletewa rasimu ya ripoti ya kipande cha ini: "hepatitisi B sugu, F3", yaani kovu hatua ya tatu; ya nne, F4, ndiyo sirosisi, ini lililojaa kovu na vinundu. Nikauliza pota, vile vijia vya mishipa ya damu na mifereji ya nyongo ndani ya ini, ni ngapi. Kimya. Basi tukae kidogo.

1. Anza na lenzi ya nne, inayokuza mara 4. Najua ya arobaini ni tamu, lakini usanifu wa ini hauonekani ukiwa umezama katika seli mbili. Pima urefu wa kipande, hesabu pota. Sentimita 2 na pota 11, hapo tunaweza kuzungumza hatua ya kovu. Sindano huchota takriban sehemu moja tu kati ya 50,000 za ini. Ukipungukiwa hata na hiyo, unapiga ramli.

2. Limfosaiti (chembe nyeupe za kinga) kujaa ndani ya pota hakutoshi. Zimevuka mpaka na kuzitafuna hepatosaiti (seli za ini) za ukingoni? Hapo ndipo A, alama ya ukali wa uvimbe katika mizani ya METAVIR, inapanda.

3. Kapsuli. Hapa sina haraka, kwa sababu aliyeumbuka ni mimi. Nililetewa kipande alichokata daktari wa upasuaji tumbo likiwa wazi, mgonjwa ana hepatitisi B. Rangi ya Masson, inayopaka kovu bluu, ikatoka bluu kila upande, mikanda na vitu nilivyoviona kuwa vinundu. Nikaandika sirosisi, bila hata "huenda". Daktari wa wodi akashuka na faili: chembe sahani za kawaida, bandama ya kawaida, ultrasaundi inaonyesha ini lenye uso laini, yaani hakuna dalili ya sirosisi. Mwalimu wangu akaisogeza slaidi hadi ukingoni, akauliza kwa upole unaouma kuliko matusi, "Na huu mstari ni nini, mwanangu?" Kapsuli ya Glisson, utando unaofunika ini. Chini yake nyuzi za kovu huingia ndani milimita kadhaa hata kwa ini lenye afya, na kipande changu chote kilikuwa hapo hapo. Mgonjwa alikuwa ameshaambiwa, ameshaita ndugu wajadili shamba. Ripoti ya marekebisho niliagizwa niipeleke wodini kwa miguu yangu.

Kwa hiyo ukiona nimekereka nikisikia "F4" ya kipande cha juujuu, usidhani nina roho mbaya.

4. Si kila hepatosaiti yenye saitoplazimu ya pinki hafifu imebeba HBsAg, antijeni ya virusi vya hepatitisi B. Dawa nazo hutanua retikulamu laini (mtandao wa utando ndani ya seli) zikaiga mwonekano huohuo. Omba rangi ya oseini: antijeni hushika kahawia, dawa haishiki. Kwa hepatitisi C tafuta mikusanyiko ya limfosaiti katika pota, na mafuta, hasa jenotaipu 3 (aina ya tatu ya virusi hivyo).

5. Mgonjwa wa Kanda ya Ziwa mwenye pota zilizonenepa kwa kovu huku lobiuli (vitengo vya seli za ini kati ya pota) zimetulia, usikimbilie virusi. Kichocho cha mansoni hufanya hivyo, na wapo wenye vyote viwili. Omba mikato ya ndani zaidi, utafute mayai. Teknolojisti atanuna, mwombe kwa adabu, na usimfuate saa kumi jioni.